Moduli ya Redio na Kompyuta: Kuunganisha kwa Njia ya Mfululizo na kwa USB

Huko Mwandoya, katika Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, mkulima wa pamba hutegemea mvua. Mvua hiyo huweza kunyesha kijiji kimoja na kukiacha cha jirani kikavu. Kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa Bariadi, makao makuu ya mkoa, hakitoshi kumweleza hali ya shamba lake. Shule ya sekondari yenye kipima mvua yaweza kuliziba pengo hilo, mradi vipimo vipelekwe kila siku, hata wakati wa likizo.

Chombo kifaacho kwa kazi hiyo ni moduli ya GSM, yaani bamba dogo lenye redio kama ile iliyomo katika simu ya mkononi, ila halina kioo wala vitufe. Moduli hungoja amri kutoka kwa kompyuta. Kuunganisha viwili hivyo si kazi ngumu, lakini hapana budi kuzingatia mambo mawili yasiyochanganywa: habari na umeme.

Njia ya mfululizo

Katika njia hii biti hupita moja baada ya nyingine, mfano wa ng'ombe wapitao mlango mwembamba wa zizi. Nyaya zinazohitajika ni tatu: wa kupelekea, wa kupokelea na wa ardhi. Nyaya mbili za kwanza hupishana, ili kinachotoka upande mmoja kiingie upande wa pili. Waya wa ardhi ndio msingi ambao volti za pande zote hupimwa kutoka kwake. Usipokuwapo, habari huvurugika.

Pande zote mbili ni lazima zikubaliane juu ya kasi. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kila herufi hutumia biti 10: moja ya kuanzia, 8 za herufi yenyewe na moja ya kumalizia. Hivyo herufi 960 hupita kila sekunde, na ujumbe mfupi wa herufi 160 hupita kwa sehemu moja ya sita ya sekunde. Amri huanza kwa herufi AT, desturi iliyotokana na modemu ya kampuni ya Hayes ya Marekani mwaka 1981. Moduli iliyo hai ikipokea AT hujibu OK.

Tahadhari moja ni kubwa. Kanuni ya RS-232, iliyoanza mwaka 1960, hutumia volti chanya na hasi kati ya 3 na 15, ilhali moduli nyingi hutumia takriban volti 3 au chini ya hapo. Zikiunganishwa bila chipu ya kubadilisha volti, moduli huweza kuungua.

Njia ya USB

USB ilitolewa mwaka 1996. Katika umbo lake la kwanza ina nyaya nne: mbili za habari na mbili za umeme wa volti 5. Kompyuta nyingi za sasa hazina tundu la RS-232. Kwa hiyo hutumiwa chipu ya kugeuza USB iwe njia ya mfululizo.

Hapa ndipo wengi hukwama. Tundu la USB 2.0 hutoa mkondo wa nusu ampea tu, na moduli ya GSM inaporusha mawimbi huweza kutaka hadi ampea 2, ingawa kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Volti hushuka, moduli huzimika na kuwaka upya. Mwanafunzi aliyekwisha kuona OK huilaumu programu, kumbe programu haina kosa. Dawa yake ni kuipa moduli chanzo chake cha umeme, chenye volti zilizotajwa katika karatasi ya maelezo yake, pamoja na kapasita kubwa karibu nayo, nyaya fupi na nene, na ardhi ya pamoja na kompyuta.

Hata hivyo, ujumbe huweza kupotea. Siku ambayo kipimo hakikufika isiandikwe sifuri, bali iachwe wazi hadi kipima mvua kisomwe. Maana sifuri humwambia mkulima kwamba mvua haikunyesha.