Umeme unaweza kumrudishia mtu uwezo wa kuzuia mkojo?

Mtu akianguka na bodaboda au kutoka juu ya mwembe akaumia uti wa mgongo, wengi huona miguu iliyokufa ganzi tu. Shida ya mkojo na haja kubwa huifahamu mwenyewe na anayemfulia shuka. Wasikilizaji wetu wa Handeni na Korogwe mmetuuliza kama kweli umeme unasaidia. Unasaidia baadhi.

Mishipa ya fahamu ya kibofu, haja kubwa na sehemu za siri hutoka pamoja, kwenye matundu ya mfupa mpana ulio juu ya kifandugu. Ndiyo maana jeraha moja huvuruga yote matatu.

Uti ukiumia juu zaidi, mishipa hii ya chini mara nyingi hubaki hai, ila amri ya ubongo haiifikii. Daktari Giles Brindley wa Uingereza alitumia nafasi hiyo miaka ya 1970: alipandikiza kifaa cha kupeleka umeme kwenye mizizi ya mishipa hiyo, mgonjwa akawasha, akakojoa. Mishipa yenyewe ikiwa imekufa, kifaa hicho hakina cha kuamsha.

Kingine, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1997, hukaa chini ya ngozi ya tako na kutuliza kibofu kinachobana ovyo. Ipo pia sindano nyembamba karibu na kifundo cha mguu, kwa sababu mshipa wa hapo una mizizi sawa na ya kibofu: nusu saa kila wiki, kwa wiki 12.

Vifaa vya kupandikiza ni ghali mno. Kwa wengi wetu, kinachookoa figo ni mpira wa mkojo ambao mgonjwa hufundishwa kuuingiza mwenyewe kwa usafi, mara nne hadi sita kwa siku, na kuutoa. Mkojo ukijaa na kukaa, huharibu figo kimyakimya. Ombeni kufundishwa kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali.

Mama anayevuja mkojo tangu uchungu wa muda mrefu huenda ana fistula. Umeme hauzibi tundu. Linashonwa kwa upasuaji, na CCBRT Dar es Salaam hufanya hivyo bila malipo.

Na yeyote aliyeanguka, au anayeumwa sana mgongo, akipata ganzi sehemu inayokalia kiti cha baiskeli na mkojo ukagoma kutoka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama bado anatembea.