Bingwa Asiyepanda Daraja

Soka la ridhaa Ujerumani: Sehemu ya Tatu

Wiki iliyopita tuliishia daraja la nne, Regionalliga, ambalo ndilo kilele cha soka la ridhaa Ujerumani. Tangu 2012 daraja hilo limegawanywa katika ligi tano: Kaskazini, Kaskazini-Mashariki, Magharibi, Kusini-Magharibi na Bavaria. Msomaji mmoja ameuliza inakuwaje mabingwa wawe watano na nafasi za kupanda ziwe pungufu. Jibu lake halieleweki vizuri kwa kanuni tupu, kwa hiyo nitalitoa kupitia msimu mmoja, ule wa 2017/18 katika ligi ya Bavaria.

Msimu huo ulianza kwa balaa lililotokea mbali na ligi yenyewe. TSV 1860 München, bingwa wa Ujerumani wa 1966 na mojawapo ya timu 16 zilizoanzisha Bundesliga mwaka 1963, ilikuwa daraja la pili. Mwisho wa Mei 2017 ilicheza mchujo wa kubaki dhidi ya Jahn Regensburg. Mechi ya kwanza ilikuwa sare ya 1-1. Ya marudiano, iliyochezwa Allianz Arena mbele ya watu zaidi ya 60,000, ikaisha kwa kichapo cha 2-0, na mashabiki wakarusha viti na vyuma uwanjani hadi mwamuzi akasimamisha mchezo kwa muda. Mpaka hapo 1860 walikuwa wameshuka daraja moja tu. Lililowashusha la pili ni karatasi. Daraja la tatu linataka kila klabu ithibitishe mapema kwamba ina fedha za msimu mzima. Mwekezaji wao, Hasan Ismaik wa Jordan, mwenye asilimia 60 ya hisa, alitofautiana na uongozi wa klabu na hakutoa mamilioni ya euro yaliyohitajika. Siku ya mwisho ikapita, leseni ikakosekana, na klabu ikajikuta daraja la nne.

Huko chini nafasi yao ilikuwa na mwenyewe. Kikosi cha pili cha 1860 kilikuwa tayari kinacheza Regionalliga Bayern, tena kwa mafanikio. Kwa kuwa vikosi viwili vya klabu moja haviruhusiwi kukaa ligi moja, wadogo wakasukumwa daraja la tano bila kufungwa na yeyote. Kocha wao, Daniel Bierofka, aliyekuwa bingwa wa Bundesliga na VfB Stuttgart mwaka 2007, akakabidhiwa kikosi cha kwanza.

Hapa neno ridhaa linahitaji kufafanuliwa. Si kwamba hakuna anayelipwa. Ligi hizi zinaitwa za ridhaa kwa sababu ziko chini ya vyama vya soka vya mikoa, wakati daraja la tatu liko chini ya shirikisho la taifa, DFB, na mawili ya juu yana chombo chao cha pekee. Ndani ya ligi hiyohiyo unamkuta mchezaji anayeishi kwa mpira na mwingine anayetoka kazini Ijumaa jioni akaingia moja kwa moja kwenye basi la timu. Ndiyo maana mechi nyingi hupangwa Ijumaa usiku na Jumamosi.

Msimu huo timu zilikuwa 19, kila moja na mechi 36. Tano kati yake zilikuwa vikosi vya pili vya klabu kubwa: Bayern, Nürnberg, Augsburg, Ingolstadt na Fürth. Palikuwa na wakongwe waliopungukiwa, kama Wacker Burghausen na Schweinfurt 05, ambao wote waliwahi kufika daraja la pili. Halafu palikuwa na vijiji, na nakiri kwamba hao ndio walionivutia zaidi. FC Pipinsried inatoka kijiji chenye watu mia kadhaa tu, kaskazini-magharibi mwa München. Mchezaji wake aliyekuwa pia kocha alikuwa kijana wa miaka 24, Fabian Hürzeler, ambaye ndiye aliyewapandisha kutoka daraja la tano. Wapenzi wa Ligi Kuu ya Uingereza wanalijua jina hilo: mwaka 2024 aliipandisha St. Pauli hadi Bundesliga, kisha akachukuliwa na Brighton akiwa na miaka 31. Wanaoliona soka la ridhaa kuwa makaburi ya vipaji wamtazame huyo.

1860 walifungua msimu Julai 2017 ugenini kwa Memmingen na kushinda 4-1. Nyumbani walirudi Grünwalder Stadion, uwanja wao wa zamani katika mtaa wa Giesing, uliokuwa na ruhusa ya watazamaji 12,500. Kutoka uwanja wa watu 75,000 hiyo ilionekana aibu. Mashabiki wengi waliiona kinyume chake: walikuwa wamechoka kuwa wapangaji katika uwanja wa mahasimu wao Bayern, na tiketi za Giesing zikawa adimu. Kwa vilabu vidogo ujio wa 1860 ulikuwa neema ya mara moja, maana mchezo mmoja wa nyumbani uliingiza watu wengi kuliko mechi nyingi za kawaida zikijumlishwa.

Desemba ligi inalala. Theluji inafunika viwanja, na vilabu vya ngazi hii havina mitambo ya kupasha nyasi joto kama Bundesliga. Mpira hurudi karibu na Machi, na hata hapo barafu huahirisha mechi, hivyo masika yanabanwa na viporo. Timu yenye wachezaji wanaofanya kazi za mchana inaumia hapo kuliko timu inayofanya mazoezi kila asubuhi. 1860, wakiwa na mshambuliaji mkongwe Sascha Mölders aliyewahi kufunga Bundesliga akiwa Augsburg, walimaliza kileleni mbele ya kikosi cha pili cha Bayern.

Wakawa mabingwa. Na bado hawakuwa wamepanda.

Nafasi za kupanda daraja la tatu zilikuwa tatu. Waligombea mabingwa watano pamoja na mshindi wa pili wa Kusini-Magharibi, timu sita katika jozi tatu, nyumbani na ugenini. 1860 walipangwa na Saarbrücken, bingwa wa Kusini-Magharibi, ambaye naye alikuwa mmoja wa wale 16 wa 1963. Mechi ya kwanza ilichezwa Völklingen, kwa kuwa uwanja wa Saarbrücken ulikuwa unakarabatiwa. 1860 wakashinda 3-2. Tarehe 27 Mei 2018 wakatoka sare ya 2-2 Giesing, na hapo ndipo walipopanda. Saarbrücken, bingwa wa msimu mzima, akabaki palepale, kama alivyobaki mwaka 2015, akiwa mshindi wa pili, alipotolewa na Würzburg kwa penalti. Kwingineko Waldhof Mannheim ilikwama kwenye mchujo kwa mara ya tatu mfululizo, na mchezo wake wa marudiano na Uerdingen ukavunjika kwa sababu ya moto wa mashabiki.

Mfano mchungu zaidi ni wa 2014. Kikosi cha pili cha Bayern kilikuwa kinaongoza 2-0 dhidi ya Fortuna Köln baada ya kufungwa 1-0 ugenini. Katika dakika za nyongeza kipa akafanya kosa, Köln wakapata bao la ugenini, na kazi ya miezi kumi ikaishia hapo. Watetezi wa mchujo wanasema soka ni mashaka na mchujo hujaza viwanja. Ni kweli hujaza. Lakini ligi ya mechi 36 ndiyo kipimo cha haki kuliko vyote tulivyo navyo katika mchezo huu, na kukiweka kando kwa ajili ya dakika 180 ni kuwadhulumu waliokishinda.

DFB ilisikia nusu ya kilio. Siku hizi nafasi ni nne: bingwa wa Magharibi na wa Kusini-Magharibi hupanda moja kwa moja, maana mikoa yao ina vilabu vingi, nafasi ya tatu huzunguka kwa zamu kati ya Kaskazini, Kaskazini-Mashariki na Bavaria, na wawili wanaobaki hucheza mchujo. Kwa hiyo mwaka wa ubingwa wako una uzito sawa na ubora wako. Schweinfurt walishinda nafasi ya mchujo mwaka 2021, wakatolewa na Havelse, timu ya kitongoji karibu na Hannover. Mwaka 2025 wakatwaa ubingwa wa Bavaria katika mwaka wa zamu ya Bavaria, wakapanda bila jasho la ziada. Mchujo wa mwaka huo uliwaangukia Lokomotive Leipzig, warithi wa klabu iliyotwaa ubingwa wa kwanza kabisa wa Ujerumani mwaka 1903. Mpinzani wao alikuwa Havelse yuleyule, na Havelse akashinda tena.

(Itaendelea)