JUA LIPO, LAKINI MWENYE ZAMU HALIPATI

Ndugu wafanyakazi, safari hii tuzungumze juu ya mifupa yetu. Wengi wakisikia vitamini D hudhani ni dawa ya matajiri. Sivyo. Ngozi ya mtu huitengeneza yenyewe inapopigwa na jua, na kazi yake ni kuusaidia utumbo kufyonza kalsiamu ya chakula, ambayo huifanya mifupa iwe migumu. Ikikosekana, mtoto hupata matege. Mtu mzima huumwa kiuno na mapaja, misuli ikalegea hata kuinuka kwenye kigoda ni taabu.

Mtu wa Kabazana atauliza: hapa Nakivale tuko karibu na Ikweta, jua ni mwaka mzima, nani atalikosa? Kwa anayelima au kuchuma chai, ni kweli. Lakini mtazame mwenzetu wa kiwandani Mbarara, zamu ya usiku. Anaingia jua limetua, anatoka alfajiri, mchana kutwa amelala chumbani. Hata wa zamu ya mchana hula chakula ndani. Jua la kupitia kioo cha dirisha halifai, maana kioo huzuia mionzi inayohitajika. Jua la alfajiri na la jioni ni dhaifu. Lenye nguvu ni la kama saa nne asubuhi hadi saa tisa, yaani zile saa alizomwuzia tajiri!

Jambo hili si geni kwa wafanyakazi. Katika karne ya 19 moshi wa viwanda ulifunika miji ya Uingereza, na watoto wengi wa wafanyakazi wakapinda miguu. Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin alionyesha kwamba watoto wenye matege hupona wakimulikwa kwa taa yenye mionzi kama ya jua.

Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu juani kuliko ya Mzungu. Basi mapumziko ya chakula tuyatumie nje, mikono na miguu wazi. Akina mama wanaojisitiri mwili wote wanaweza kuota jua uani, penye faragha. Mtoto mchanga naye asifungiwe ndani siku zote, kwani maziwa ya mama yana vitamini D kidogo sana. Ndugu zetu albino wasikae juani. Wao wamwulize mganga wa zahanati.

Tena jua peke yake halitoshi. Huko Nigeria madaktari waliona watoto wenye matege ingawa jua lilikuwa tele. Utafiti uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba walipungukiwa kalsiamu, nao walipopewa kalsiamu walipata nafuu. Anayekula posho na maharage kila siku ajihadhari. Dagaa, ile mukene ya sokoni, huliwa pamoja na miiba yake na hutoa kalsiamu, na vitamini D pia kiasi. Kiini cha yai nacho kina vitamini D kidogo. Maziwa yana kalsiamu, na Ankole ni nchi ya maziwa, ila mara nyingi huuzwa yote, mtoto wa nyumbani asionje.

Mtoto mchanga kuwa na miguu ya upinde si ajabu, na kwa kawaida hunyooka. Lakini akipita miaka miwili bado imepinda, au viungo vya mikono vimevimba, apelekwe zahanati upesi. Si uchawi, wala asifungwe vijiti. Vidonge navyo visinunuliwe ovyo, kwani vikizidi hudhuru.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa wiki na siku moja ya kupumzika. Katika mazungumzo ya mkataba tudai na haya: mahali pa kulia chakula nje, zamu za usiku zibadilishwe zisimkalie mtu mmoja miezi yote, na kikombe cha maziwa wakati wa chakula. Wawakilishi wa kila idara wayaandike madai haya na kuyaleta kwa katibu wa tawi kabla mazungumzo hayajaanza.