Hitilafu au kosa? Istilahi za kihariri Emacs

Mfasiri wa mwongozo wa Emacs, kihariri cha matini ambacho mtumiaji hukipanua kwa lugha ya Emacs Lisp, hukwama mapema afikapo kwenye sehemu ya makosa. Neno kosa huelekeza lawama: akitajwa kosa, yupo aliyekosa. Lakini programu ikigawanya moja kwa sifuri, au ikitafuta faili lisilokuwapo, kilichotokea ni kazi kushindwa kuendelea, na si lazima awepo wa kulaumiwa. Hapo hufaa hitilafu, kama tusemavyo hitilafu ya umeme. Dosari na kasoro tuziache kwa upungufu uliomo ndani ya programu yenyewe.

Kitenzi ndicho kigumu zaidi. Katika Emacs Lisp, signal hupewa vitu viwili: jina la aina ya hitilafu, na data inayoeleza kilichotokea. Wengi huandika "kuashiria hitilafu". Mawingu nayo huashiria mvua, nasi tukaendelea na shughuli zetu. Ilhali signal ikishaitwa hairejei ilikoitwa, na kazi hukatizwa papo hapo. "Kutoa ishara ya hitilafu" ni afadhali, ingawa picha iliyo karibu zaidi ni ya mbiu: ikilia kuna jambo, na hutafutwa wa kuitika.

Huyo wa kuitika tumwiteje? Kidaka lingevutia, kwa kuwa hudaka, lakini wenyeji wa pwani wangefikiria shubaka la ukutani. Kishughulikiaji ni refu, lakini halina utata. Huwekwa kwa condition-case:

(condition-case h
    (/ 1 0)
  (arith-error (message "Sifuri haigawanyi")))

Ishara inapotolewa, Emacs hutafuta kishughulikiaji kuanzia kilicho ndani kabisa kuelekea nje, na hushika cha kwanza kinacholingana na aina iliyotajwa. Aina hizo zina ukoo: arith-error, yaani hitilafu ya hesabu, iko chini ya error, hivyo kishughulikiaji cha error huidaka pia. Kisipopatikana chochote katika programu, amri hukoma na ujumbe huonekana chini ya skrini. Angalizo kwa wafasiri: quit, itokanayo na kubonyeza Control na g, haimo katika ukoo wa error. Kuiita "hitilafu ya kuacha" ni kupotosha. Ni usitishaji tu.

Neno kosa nalo lina mahali pake. Kuna user-error, iliyokusudiwa hali ambapo mtumiaji ndiye aliyekwenda kombo, wala programu haina ila. Kwa kawaida hata kitatuzi hakifunguki inapotokea. Hiyo ni "kosa la mtumiaji" bila wasiwasi wowote.

Jambo dogo la uandishi: kwa desturi ya Emacs, ujumbe wa hitilafu huanza kwa herufi kubwa na hauishii kwa nukta. Walimu wa sarufi watakunja uso, lakini tafsiri ifuate desturi hiyo: "Faili halikupatikana", basi.