Matumaini ya Fainali Yasiwe Deni la Nyumba

Wiki ya fainali hutambulika mapema. Kiwandani mashine huzunguka kama kawaida, lakini mazungumzo ya chakula cha mchana hayapiti dakika mbili bila kutajwa jina la golikipa. Ndani ya daladala kondakta na abiria hubishana juu ya goti la mshambuliaji, kana kwamba wote wawili ni madaktari. Nyumbani, baba ambaye hajapata kuuliza habari za umeme huuliza mara tatu kama luku ina uniti za kutosha hadi Jumapili.

Hali hiyo si ya kuchekwa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tangu hapo klabu hizo zimekuwa sehemu ya ukoo wa familia nyingi za mijini. Mtoto hurithi rangi ya kijani na njano, au nyekundu na nyeupe, kabla hajajua kusoma. Katika miaka yote hiyo, klabu zetu hizi zimefika fainali ya mashindano ya vilabu ya Afrika mara chache mno: Simba mwaka 1993 na 2025, na Yanga mwaka 2023. Jambo linalokuja mara moja katika ujana na mara ya pili uzeeni haliwezi kupokewa kwa moyo baridi.

Hebu tuzikumbuke fainali hizo, maana kila moja ina somo lake.

Mwaka 1993 Simba ilikutana na Stella ya Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF. Mchezo wa kwanza, kule Ivory Coast, ulimalizika bila bao. Kutoka sare ugenini ni kazi ya kiume, na hapana shaka wapenzi walikuwa na haki ya kufurahi. Kosa lilikuwa kuigeuza sare ile kuwa hati ya kumiliki kombe. Mwezi Novemba, katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, mbele ya Rais Ali Hassan Mwinyi, wageni walishinda 2-0. Watu waliokuja kusherehekea walirudi makwao wakiwa kimya kama watokao mazikoni.

Ilipita miaka 30. Tarehe 28 Mei 2023, Yanga iliikaribisha USM Alger ya Algeria katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, kuwania Kombe la Shirikisho. Wageni walitangulia. Dakika ya 82 Fiston Mayele akasawazisha, na nchi ikalipuka kwa shangwe. Dakika ya 84 wageni wakapata bao la pili. Fikiri, msomaji: matumaini ya miaka 30 yalipewa dakika mbili za kupumua. Siku sita baadaye, tarehe 3 Juni, Yanga ilishinda 1-0 huko Algiers kwa penalti ya Djuma Shaban. Jumla ikawa 2-2, na kombe likabaki Algeria kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Mtu aweza kushinda na bado akakosa. Ndiyo hesabu iliyowakesha wengi usiku ule.

Kisha ikaja zamu ya Simba tena. Tarehe 17 Mei 2025, huko Berkane, Morocco, RS Berkane ilipata mabao mawili katika robo saa ya kwanza, na mchezo ukaisha 2-0. Marudiano yalichezwa Zanzibar tarehe 25 Mei, katika Uwanja wa New Amaan. Joshua Mutale alipofunga dakika ya 17, deni lilibaki bao moja, na kila mwenye roho ya wekundu alianza kuhesabu. Mapema kipindi cha pili Simba ikabaki na wachezaji 10, na mwishoni kabisa wageni wakasawazisha. Jumla ikawa 3-1.

Je, tuseme matumaini yale yalikuwa ya bure? La hasha. Timu isiyo na watu wa kuitumainia ni watu 11 wakimbiao kwenye majani. Lakini fainali hizi tatu zatufundisha kwamba matumaini si ahadi. Timu haikuandikiana mkataba na shabiki kwamba itashinda. Ahadi ikivunjwa, mtu hudai fidia. Na shabiki anayeyageuza matumaini kuwa ahadi hujikuta siku ya pili akidai fidia kwa watu wasiohusika: mkewe, watoto wake, jirani yake na msimamizi wake wa kazi.

Deni la kwanza hulipwa na mwili. Wasiwasi wa mpira si maneno matupu. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2006 nchini Ujerumani, madaktari wa eneo la Munich walihesabu wagonjwa wa dharura za moyo. Siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza, idadi yao ilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya siku za kawaida, na wanaume walizidi wanawake. Kwa hiyo, msomaji mwenye shinikizo la damu, meza dawa yako siku ya fainali kama siku nyingine. Ukihisi kifua kinabana, nenda hospitali mara moja. Filimbi ya mwisho italia hata usipokuwepo.

Deni la pili hulipwa na mfuko. Fainali nyingi huangukia mwishoni mwa mwezi Mei, siku ambazo mshahara ama umefika au unasubiriwa kwa hamu. Mtu mwenye hakika ya ushindi huona kwamba kuweka kodi ya nyumba katika kamari ni sawa na kuiweka benki. Bao la dakika ya 84 halijui kwamba mtoto wako anadaiwa ada. Fedha ya tiketi, nauli na soda ya kutazamia mchezo na itengwe mapema, mume na mke wakijua ni kiasi gani. Iliyobaki isiguswe, hata kama roho inasema kombe ni letu.

Deni la tatu ndilo zito kuliko yote. Siku ile ya tarehe 28 Mei 2023, katika msongamano wa kuingia uwanjani, mtu mmoja alipoteza maisha na wengine wapatao 30 waliumia. Kulikuwa na nyumba moja ambayo haikuuliza matokeo. Ukienda uwanjani, ndugu, nenda mapema. Ukiona mlango umefurika watu, rudi nyuma ukatazame kwenye televisheni mtaani. Hakuna kombe lenye thamani ya mtoto uliyemkalisha mabegani katikati ya msukumano.

Liko pia deni linalolipwa sebuleni. Katika nyumba nyingi mume ni wa Msimbazi na mke ni wa Jangwani, au kinyume chake. Utani ni chumvi ya maisha yetu, na nani atapenda mchuzi usio na chumvi? Lakini chumvi nayo ina kipimo. Mwenzio timu yake ikikosa kombe, mpe usiku mmoja wa kunyamaza. Kesho yake utamtania, naye atakujibu. Na wewe uliyefungwa, usiukatae ugali uliopikwa na mtu ambaye hakukosa penalti yoyote. Watoto wanakutazama. Mtoto akimwona baba yake akipokea kipigo, akinawa mikono na kula na wenzake, amepata somo ambalo halitamtoka; siku atakayoanguka mtihani atalikumbuka.

Baada ya Jumapili huja Jumatatu. Mashine haijui nani ametwaa kombe, na mgonjwa aliyelazwa wodini anahitaji muuguzi asiyesinzia. Hata wachezaji wenyewe, ambao uchungu wao wapita wetu, hurudi mazoezini.

Fainali nyingine itakuja. Itakapokuja, tumaini kwa moyo wote, imba mpaka sauti ikauke, ukeshe ukihesabu mabao ya nyumbani na ya ugenini. Hiyo ni haki yako. Ila usiku kabla ya mchezo, kaa na wa nyumbani mwako mkubaliane mambo matatu: fedha itakayotumika, nani atakwenda uwanjani na atarudi saa ngapi, na kwamba matokeo yoyote yatakayotoka, chakula cha jioni kitaliwa pamoja.