SHOKA LA KAZI NA SHOKA LA VITA

Tazameni Nembo ya Taifa letu. Mtaona ngao. Ndani ya ngao pana shoka na jembe, vimepishana. Katikati pana mkuki. Shoka na jembe ni zana za kazi. Mkuki ni wa kulinda uhuru.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu tangu zamani. Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani pale Lugalo, mwaka 1891. Silaha yao kubwa ilikuwa mkuki.

Lakini kuna watu waliopigana kwa shoka. Hao ni Waviking, waliotoka Denmark, Norwei na Swideni, kati ya mwaka 800 na 1050 hivi. Shoka lao la vita lilikuwa jembamba na jepesi. Mtu aliweza kulizungusha upesi. Mengine yalikuwa na pembe ya chini iliyorefuka kama ndevu. Kwa pembe hiyo walinasa ngao ya adui, wakaivuta. Adui akabaki wazi.

Siku hizi huko Ulaya watu hutengeneza mashoka ya kuiga yale ya Waviking. Hucheza nayo michezo ya kuigiza vita. Makali huachwa butu kusudi yasikate mtu. Mengine ni pambo la ukutani tu.

Je, haya yanatuhusu nini sisi wakulima? Yanatuhusu tunapokwenda kununua.

Shoka la kuni lina kisogo kinene na kizito. Hupasua gogo kama kabari. Shoka jembamba la vita ukilipiga kwenye gogo litapinda au kumeguka. Na pambo, hata likifanana na shoka, si shoka la kazi.

Basi ukifika Dar es Salaam, ukazunguka maduka ya Mchafukoge na Kariakoo, au ukaenda kwa mafundi vyuma wa Gerezani, usinunue kwa macho tu. Kung'aa si makali. Fanya hivi:

1. Tazama chuma. Kisiwe na ufa, hasa karibu na tundu la mpini.

2. Shika mpini, tikisa kwa nguvu. Chuma kikicheza, liache.

3. Tazama nyuzi za mti. Zifuate urefu wa mpini. Zikikatiza, mpini utavunjika.

4. Tazama kabari kwenye tundu. Iwe imebana sawasawa.

Ukifika nyumbani, usiroweke shoka majini ili libane. Eti watu wengi hufanya hivyo! Mti hufura kwa maji, lakini ukikauka hulegea tena. Gongomea kabari mpya.

Na kabla ya kuchanja kuni, tazama mbele na nyuma yako. Waondoe watoto. Chuma kikichomoka kwenye mpini hakichagui wa kumpiga.