Hesabu ya hewa ukaa kwenye Barabara ya Bagamoyo

Kila inapozungumziwa hewa ukaa, hakosekani wa kusema kwamba Waafrika tunazaa mno. Tuipime kauli hiyo kwa takwimu za pwani yetu.

Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Pwani una watu 1,098,668; ya 2022 ikahesabu 2,024,947. Ni ongezeko la asilimia 84, ilhali nchi nzima iliongezeka asilimia 37. Uzazi peke yake hauleti pengo la namna hiyo. Watu wamehama, na wengi wamefuata viwanja vya Mapinga, Kerege na Zinga wilayani Bagamoyo, huku riziki zao zikibaki Dar es Salaam.

Mchumi wa nishati wa Kijapani, Yoichi Kaya, alitupa kanuni nyepesi ya kukokotoa hewa ukaa. Chukua idadi ya watu, zidisha kwa pato la kila mtu, kisha kwa nishati inayotumika kuzalisha kila shilingi ya pato hilo, kisha kwa kaboni inayotoka katika kila kipimo cha nishati hiyo. Kwa kuwa ni kuzidisha, watu wakiwa wengi na pato likiwa dogo, jibu linabaki dogo. Mtanzania mmoja hutoa takriban robo tani ya hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mmarekani hutoa zaidi ya tani 13. Mama wa Kiromo mwenye watoto sita halaumiki hapo.

Kinachonitia wasiwasi ni jinsi tunavyoishi kadiri pato linavyokua. Wastani wa watu katika kaya nchini ulishuka kutoka 4.7 mwaka 2012 hadi 4.3 mwaka 2022, kwa hiyo kaya zinaongezeka kwa kasi kuliko watu, na kila kaya inataka nyumba. Nyumba ni saruji. Kiwanda cha Wazo Hill pale Tegeta kinaweza kutumia gesi asilia badala ya mafuta mazito, lakini zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji hutoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa.

Halafu kuna safari. Lita moja ya petroli hutoa kilo 2.3 za hewa ukaa. Mkazi wa Mapinga anayeendesha gari lake hadi Posta, katikati ya Dar es Salaam, na kurudi, akiunguza lita 8 kwa siku, humaliza robo tani ndani ya wiki tatu za kazi. Jirani yake anayepanda daladala hana deni kama hilo.

Jikoni hesabu inageuka. Moshi wa mkaa wa kuni hauingii kwenye takwimu za mafuta ya kisukuku, lakini mtungi wa gesi wa kilo 15 unaingia, kwa kilo 45 hivi za hewa ukaa. Kaya ikiacha mkaa, takwimu zitapanda ilhali misitu ya Chalinze inapona na mapafu ya mpishi yanapumzika. Mkakati wa taifa wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, nami nauunga mkono bila kusita.

Umeme wa maji wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, unapunguza kaboni katika nishati yetu. Umbali kati ya nyumba na kazi hauupunguzi. Njia ya mabasi ya mwendokasi katika Barabara ya Bagamoyo imepangwa kuishia Tegeta. Wenye dhamana ya ardhi Bagamoyo watenge sasa ukanda wa kuiendeleza hadi mjini kwao, kabla viwanja havijauziba.